Kijiko Kisimame

Nchi ninayoisimulia usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Haimo, na hata ingekuwamo, wenyewe wamepiga marufuku kuitaja mpaka upate kibali cha kutaja, na kibali chenyewe hakijaanza kutolewa. Basi tuiache hivyohivyo bila jina. Itoshe kujua kwamba ni nchi ya amani, ya upendo na ya uji mzito.

Uji haukuwa mzito tangu mwanzo. Kuna mwaka mvua zilikataa, mahindi yakanyauka shambani, na watu wakawa wanakoroga konzi moja ya unga kwenye sufuria nzima ya maji. Mheshimiwa Mlezi Mkuu, kwa huruma yake, akaenda kuwapa pole. Akaandaliwa bakuli la uji, akachomeka kijiko, kisha akakiachia ili awapungie mkono wananchi. Kijiko kikaanguka, kikalia kwenye ukingo wa bakuli. Mlezi Mkuu akakitazama kilivyolala, akawatazama wananchi mbavu zao zilivyojichora, akarudi mji mkuu bila kuonja kitu. Kesho yake akatangaza redioni kwamba ameugundua ugonjwa wa taifa. Ugonjwa wa taifa ni vijiko kulala.

Kuanzia siku hiyo shibe ikawa na kipimo kimoja tu kisicho na ubishi. Kijiko kikisimama kwenye uji, nchi imeshiba. Kikilala, kuna mtu anahujumu. Na wahujumu wa uzito walipelekwa kwenye machimbo ya chokaa, ambako sijapata kumwona aliyerudi nikamuuliza habari zake.

Wataalamu walikuna vichwa, maana unga haukuwapo. Ndipo mmoja wao akakumbuka wanga wa kiwandani. Huo ni unga mweupe mlaini wa mihogo, uliopitishwa kwenye dawa na mitambo hadi ukaacha tabia za wanga wa nyumbani. Huwekwa kwenye sosi ya nyanya isichuruzike, na kwenye maziwa mgando yasijitenge. Kiasi kidogo tu kinagandisha ndoo nzima, hata kama maji ni ya baridi. Haushibishi, lakini unasimamisha. Wakaujaribu mbele ya Mlezi Mkuu kwa ndoo ya maji na konzi ileile ya unga, na kijiko kikasimama wima kama askari wa gwaride. Njaa ikaisha papo hapo, kabla hata ya chakula cha mchana.

Ikaundwa Mamlaka ya Uzito wa Vyakula. Kila kata ikapewa Afisa Uzito, na chini yake Mshika Kijiko. Katika Kata ya Bondeni, Mshika Kijiko alikuwa Ngwali Fumo.

Ngwali alikuwa fundi saa kabla watu hawajaacha kuhitaji kujua saa. Walimchagua kwa sababu mkono wake hautetemeki. Kila asubuhi alivaa koti la Mamlaka, akachukua kijiko cha serikali ndani ya kisanduku chake cha mahameli, akapita shuleni, zahanati, gerezani na sokoni. Alichomeka kijiko kwenye uji wa watu, akakiachia, akapaza sauti: "Kimesimama!" Na watu wote waliokuwapo waliitikia: "Tumeshiba!" Wengine waliitikia huku wameegemea ukuta. Ngwali aliipenda kazi yake. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kuamini, na alipoona kijiko kimesimama moyo wake ulitulia kweli, kwamba hapa angalau mambo yamekaa sawa.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Zamaradi, aliyekuwa na ulimi wa kukata na shoka. Binti yao Subira alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, hivyo nyumba ilibaki ya watu wawili wanaotaniana. Mwaka uliotangulia kiharusi kilimpiga Zamaradi akiwa anaanika nguo. Kilimchukua mkono wa kulia, nusu ya uso, na koo. Maneno yakawa yanatoka taratibu, yamelegea upande mmoja, lakini ukali wake ulikuwa uleule.

Tatizo lilikuwa koo. Daktari wa zahanati alimwita Ngwali pembeni akamwambia wazi: "Koo la mama halifungi sawasawa. Kitu chepesi, hata maji matupu, kitapotea njia kimwingie mapafuni, na kikimwingia mapafuni hatutampata tena. Kila anachokunywa kiwe kizito kama asali, kishuke polepole." Akampa kopo la wanga uleule wa kiwandani, akamwonyesha namna ya kukoroga. Uji wa kawaida, alisema, ukikutana na mate huyeyuka ukawa maji, lakini huu unashikilia.

Basi Zamaradi akawa anakunywa chai ya kulambwa. Aliichukia. "Baba Subira," alisema, "hii chai inataka uma na kisu." Lakini aliishi, na Ngwali alimshukuru Mungu kila alipoosha kikombe.

Kisha likaja tangazo. Kwa kuwa vijiko vingi vilihitaji kusimama, wanga wote wa nchi ukawa mali ya taifa. Zahanati zikakusanya makopo zikayarudisha. Kuwa na uzito nyumbani bila kibali kukawa kosa, likaitwa uzito binafsi. Askari walisimama njiani wakiinamisha vikombe vya wapita njia kuona kama chai inatiririka kizalendo. Bamia ziling'olewa kwenye bustani, mlenda ukachomwa moto hadharani, kwa kuwa mimea hiyo ilikuwa na mnato ambao haikuuombea leseni. Ajuza mmoja alikamatwa na asali. Mimi nasimulia tu, sisemi lolote.

Ngwali hakulirudisha kopo lake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvunja sheria, na alilificha ndani ya saa ya ukutani iliyokufa. Lakini kopo halijui kama limefichwa. Likawa linapungua, likapungua, hadi siku alipokoroga akasikia kijiko kikikwaruza bati la chini.

*

Alikwenda Idara ya Uzito wa Majumbani kuomba kibali. Alidhani atasikilizwa haraka, kwani yeye ni mtu wa ndani. Dirishani alikuta mwanamama nadhifu anayekula karanga moja moja.

"Mgonjwa hapewi wanga," alisema yule mwanamama baada ya kumsikiliza vizuri sana. "Sheria iko wazi, baba. Wanga ni kiungo cha chakula. Hutolewa kwa chakula, hautolewi kwa watu. Kama kuna chakula chako chenye shida, kilete chenyewe kiombe."

"Chakula kiombe?"

"Ndiyo. Ni chakula gani?"

"Ni chai," Ngwali alisema.

"Basi ilete chai."

Kesho yake akapeleka chai, kwenye kikombe cha Zamaradi cha bati la buluu. Waliiweka kwenye kiti. Wakaitazama rangi, wakaipima joto, wakauliza imetoka wapi na kama imewahi kuwa nzito huko nyuma. Ngwali alijibu kwa niaba yake. Mwanamama wa dirishani aliandika kila kitu, akasema ni chai yenye maelezo mazuri na haoni sababu ya kukataliwa. Warudi wiki ijayo, yeye na chai.

Wiki iliyofuata kibali kilikuwa tayari, na mihuri yake yote. Ngwali akakaribia kulia kwa furaha. Mwanamama akaangalia kikombe, akakunja uso.

"Hii siyo ile."

"Ni chai ya nyumba ileile, mama. Nimepika asubuhi."

"Kibali kimetoka kwa chai ya Jumanne iliyopita. Hiyo ndiyo tuliyoihoji. Iko wapi?"

"Ile iliharibika. Niliimwaga."

Yule mwanamama akashika kifua. "Umemwaga mwombaji?" Akachukua kibali akakichana taratibu, kwa masikitiko ya kweli, kwa sababu mwenye kibali alikuwa ametupwa kwenye mtaro. Akamwambia Ngwali ana bahati, wengine wangempeleka mbele ya sheria.

Njiani kurudi nyumbani Ngwali alitembea na kikombe kilichojaa chai. Askari akakiinamisha, chai ikamwagika yote kama maji ya mvua. "Safi kabisa, mzee," askari akamwambia, akampigia saluti.

*

Siku zile Kata ya Bondeni ilikuwa inajiandaa kwa Sikukuu ya Kijiko. Mlezi Mkuu mwenyewe angekuja. Uji wa kata nzima ungepikwa ndani ya Jungu la Taifa, ambalo likiwa juu ya mafiga yake ni refu kuliko mtu na hupandiwa kwa ngazi, na ndani yake ungechomekwa Kijiko Kikuu, chenye mpini kama wa mwiko wa harusi ya kifalme. Kijiko kilitakiwa kisimame tangu mwanzo wa hotuba hadi mwisho. Kata ambayo kijiko chake kililala mwaka jana haipo tena kwenye orodha ya kata.

Lori lilileta wanga wa sikukuu, magunia ya kutosha. Lilileta pia mabango ya kubandika kila ukuta, yenye picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu na maneno makubwa: WANGA UPO TELE. Lakini halikuleta gundi.

Afisa Uzito wa kata, Bwana Mabruki Kisindi, hakuwa mtu wa kushindwa na jambo dogo. Aliamuru wanga ukorogwe maji ya moto, ukawa gundi safi sana, na vijana wa kata wakabandika mabango usiku na mchana. Walibandika kwenye maduka yaliyofungwa, kwenye miti, kwenye milango ya vyoo, hata kwenye punda mmoja aliyekaa kimya. Yalikaa imara ajabu. Mpaka yanakwisha, magunia nayo yalikuwa yamekwisha.

Ngwali aliziona zile ndoo za gundi, akaijua. Nyumbani Zamaradi alikuwa ameshinda siku nzima bila kunywa, midomo imekauka na kupasuka, na usiku uliopita alimjaribisha kijiko kimoja cha maji, akapaliwa hadi macho yakamgeuka. Ngwali alimpigapiga mgongoni, akimwomba Mungu kwa sauti. Tangu hapo hakuthubutu tena.

Basi alingoja saa ya hotuba. Hiyo ni saa ya alasiri ambapo kila raia hukaa ndani akisikiliza redio, na barabara huwa tupu hata kuku hawapiti. Mshika Kijiko peke yake alikuwa na ruhusa ya kutembea. Alichukua kisu cha mezani, akasimama mbele ya ukuta wa soko, akamwangalia Mlezi Mkuu usoni, akaanza kumkwangua.

Alirudi na magamba ya gundi kifuani, ndani ya koti la Mamlaka. Aliyaloweka, akayachuja kwa kitambaa, akakorogea chai. Ikawa nzito. Haikuwa nzito sana, lakini ilishuka. Zamaradi alimeza polepole, akafumba macho kama mtu aliyefika kwao. Kisha akatafuna.

"Kuna kitu kama karatasi."

"Ni sikio la Mlezi Mkuu," Ngwali akakiri. "Nilishindwa kulichuja."

Zamaradi akacheka kwa ule upande wa uso uliobaki. "Basi leo atatusikia."

Wakacheka wote wawili hadi Ngwali akafuta machozi, na katika yale machozi hakujua yapi ni ya kicheko. Kwa siku kadhaa waliishi hivyo. Zamaradi alimla Mlezi Mkuu pua, akamla mashavu, akamla tabasamu. Lakini mabango yaliyokuwa karibu yalikwisha, na jirani yao Mama Sikudhani, mjane aliyekuwa akimwangalia Zamaradi wakati Ngwali yuko kazini, akamwonya kwamba watu wameanza kuulizana kwa nini mtaa wao umejaa viongozi wasio na nyuso.

*

Siku mbili kabla ya sikukuu, Bwana Mabruki alimwita Ngwali ofisini akafunga mlango. Jasho lilikuwa linamtoka hadi kwenye kola.

"Ngwali ndugu yangu, kijiko hakisimami."

"Hakiwezi kusimama, bosi. Wanga uko ukutani."

"Usiseme hivyo kwa sauti." Bwana Mabruki akasogeza kiti. "Nimefikiria. Jungu ni refu. Mtu akikaa ndani, akachuchumaa, uji unamfunika kichwa. Anapumulia mrija wa bua la jani la mpapai, tunaficha ncha yake kwenye bendera za ukingoni. Huyo mtu anashika mguu wa kijiko kwa chini. Kijiko kinasimama. Mtu huyo anatakiwa awe na mkono usiotetemeka."

Ngwali alikuwa anatazama kabati la kioo nyuma ya bosi wake. Ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, kulikuwa na kopo moja la wanga, jipya, halijafunguliwa. Lilikuwa kopo la maonyesho, la kuwaonyesha wageni kwamba wanga upo.

Bwana Mabruki alifuata macho yake. Hakuwa mtu mbaya sana, alikuwa tu mwoga, na waoga wanajua haraka mwenzao anaogopa nini.

"Shemeji yangu hali yake vipi?" akauliza. "Kijiko kikisimama mpaka mwisho, kopo ni lako. Nakuapia kwa mama yangu."

Ngwali akakubali hata kabla hajamaliza kuapa. Angekubali kukaa ndani ya jungu la mafuta.

Asubuhi ya sikukuu alimwosha mkewe, akampaka midomo mafuta, akamwambia: "Mama Subira, vumilia leo tu. Jioni nakukorogea chai ya tangawizi, nzito mpaka uchoke." Akamwomba Mama Sikudhani akae naye ndani, asimtoe.

"Unakwenda kufanya nini huko?" Zamaradi aliuliza. Alimjua mumewe, aliona hamtazami usoni.

"Kazi yangu ileile. Nakwenda kushika kijiko."

*

Ndani ya jungu kulikuwa na giza la kijivu na vuguvugu. Uji ulikuwa maji yenye kumbukumbu ya unga. Ngwali alichuchumaa, mrija mdomoni, mikono yote miwili ikiwa imekamata mguu wa Kijiko Kikuu. Nje alisikia ngoma, vigelegele, kisha sauti ya Mlezi Mkuu ikipita kwenye bati kama sauti ya mtu aliyefunikwa mto.

"Ndugu wananchi! Maadui zetu wanasema uji wetu ni maji! Nawauliza, maji husimamisha kijiko?"

"Hayasimamishi!"

"Nchi nyingine zina mito, zina dhahabu, zina mvua. Sisi tuna msimamo! Mwenye njaa ni mtu aliyelala. Je, mnaona kitu chochote kimelala hapa?"

"Hatukioni!"

Hotuba ilikwenda, ikapumzika, ikaanza upya. Mikono ya Ngwali ilikufa ganzi. Kila mara uji uliingia pembeni mwa mrija, ukateleza kooni, naye akakohoa kwa ndani, kifua kikimruka, bila kuthubutu kutoa kichwa. Alihisi ule woga wa mwili wenyewe, woga usiotaka kujua habari za heshima wala kazi. Akafikiri: kumbe ndivyo anavyoishi Zamaradi kila siku, na bado ananitania. Akakaza mikono. Kijiko hakikutikisika hata kidogo.

Ndipo aliposikia makofi yakikatika na sauti ya Mlezi Mkuu ikiwa laini.

"Nimeona hapa mbele mama mgonjwa. Huruma ya taifa haichagui. Nani huyu?"

"Mheshimiwa," ilikuwa sauti ya Bwana Mabruki, "huyo ni Bi. Zamaradi, mke wa Mshika Kijiko wetu."

Maana asubuhi ile ilitoka amri, ambayo hakuna aliyemwambia mtu aliyekuwa ndani ya jungu, kwamba wagonjwa wote waletwe na wakae mbele, ili kamera zione serikali inavyowajali. Mama Sikudhani alibishana na askari mlangoni, akasukumwa, akaishia kuja naye huku amemshika mkono.

"Nitamnywesha mimi mwenyewe," Mlezi Mkuu alisema. "Leteni kikombe."

Juu ya kichwa chake Ngwali aliona upawa ukishuka, ukapasua mwanga, ukachota. Aliwaza kopo. Kopo lilikuwa limebakiza dakika chache tu. Aliwaza machimbo ya chokaa. Kisha hakuwaza tena, akaachia kijiko, akasimama.

Alitokeza hadi kifuani, maji meupe yakimmiminika kichwani. Kijiko Kikuu kilianguka ubavuni kwake, kikalia kwa sauti iliyofika hadi barabara ya pili.

"Usinywe, Mama Subira! Ni maji! Ni maji matupu!"

Bunduki za walinzi zikageukia jungu. Mlezi Mkuu alibaki ameshika kikombe hewani. Ndipo Bwana Mabruki, ambaye hofu ilikuwa imempa akili asiyokuwa nayo siku zote, akaruka juu akapiga kelele:

"Mtu! Mtu mzima amesimama kwenye uji! Wengine wanasimamisha vijiko, Kata ya Bondeni tunasimamisha watu!"

Makofi yakalipuka. Watu walipiga makofi kwa sababu walikuwa wamefundishwa, na kwa sababu walinzi walikuwa wanawaangalia. Mlezi Mkuu hakupiga. Alimtazama Ngwali, akayatazama yale maji yanavyochuruzika kwenye masikio yake, kisha akainua mkono watu wakanyamaza. Hakuwa mjinga. Wengi hukosea hapo.

"Amesema neno," alisema kwa upole. "Amesema ni maji. Huenda ni utani wa sikukuu, huenda ni hujuma. Mimi sitahukumu. Atahukumu mama mgonjwa, asiye na sababu ya kudanganya." Akamwinamia Zamaradi. "Bibi yangu, kunywa utuambie. Huu uji ni mzito, au mume wako anasema kweli?"

Zamaradi alikuwa kwenye kiti cha kukunja, kanga imemkaa vibaya begani. Alikiangalia kikombe, kinywaji kilikuwa kinacheza ndani yake kama maji ya kisima. Aliziangalia bunduki. Kisha akamwangalia mumewe pale juu, mtu mzima, amelowa, kipande cha bua la mpapai kimemnasa kwenye ndevu. Ngwali alikuwa anatikisa kichwa, anamwomba kwa macho, kwa mikono, kwa mwili wote. Zamaradi akatabasamu kwa ule upande uliobaki, tabasamu la kusema, nimekuona ulipo, mpumbavu wangu.

"Nipe," akamwambia Mlezi Mkuu.

Akanywa. Alikunywa kikombe chote, kwa shida, mengine yakimtoka pembeni mwa mdomo. Akakusanya sauti yake.

"Mzito, Mheshimiwa. Huyo anatania. Tangu tuoane anatania."

Uwanja ukalipuka, na wakati huo huo kikohozi kikamshika. Ngwali alikiona, hakukisikia. Alimwona akipinda kwenye kiti, Mama Sikudhani akimpiga mgongoni, mdomo wa Mama Sikudhani ukiwa wazi unaita msaada. Hakuna aliyesikia, kwa kuwa amri ilikuwa makofi yaendelee hadi Mheshimiwa aingie kwenye gari, na Mheshimiwa alisimama kwanza kupigwa picha.

*

Homa ilianza usiku uleule. Daktari wa zahanati alisikiliza mapafu, akavua kipimo chake shingoni, akakaa kitandani. Zamaradi aliishi mpaka Ijumaa. Alipopata nafuu ya kusema alimwambia mumewe asijilaumu, kwamba chai ya kulamba ilikuwa imeshamchosha, na kwamba ule uji, kusema kweli, ulihitaji chumvi.

Serikali haikumsahau. Katika cheti chake waliandika kwamba amefariki kwa shibe, na Mlezi Mkuu alimsifu redioni kama raia wa kwanza katika historia ya nchi kufa kwa sababu hiyo. Kata ya Bondeni ikapewa nishani. Bwana Mabruki akapandishwa cheo, akahamia mji mkuu, lakini kabla ya kuondoka alitimiza kiapo chake, maana aliapa kwa mama yake. Kopo lilipaswa kukabidhiwa kwa sherehe, sherehe ikangoja wageni, wageni wakangoja mafuta ya gari. Lilipofika mikononi mwa Ngwali, matanga yalikuwa yamekwisha na Mama Sikudhani ameshazigawa nguo za marehemu.

Ngwali alilibeba kopo hadi nyumbani chini ya koti. Alasiri ile alichemsha chai, akaitia tangawizi nyingi kama Zamaradi alivyopenda. Akaimimina kwenye kikombe cha bati la buluu. Akafungua kopo, akatia wanga, akakoroga kwa mkono usiotetemeka mpaka chai ikawa kama asali. Akakiweka kikombe mezani, upande wa mkewe. Barabarani kulikuwa kutupu, redio za majirani zote zikiongea kwa sauti moja.

Akatoa kijiko cha serikali kwenye kisanduku, akakichomeka, akakiachia.

"Kimesimama," akasema.

Akangoja kidogo, kwa mazoea, lakini chumbani hapakuwa na mtu wa kuitikia.